Mlango wa Robine ya Juu

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Chekeni kwanza, nangoja.

Mmemaliza? Haya. Nawaandikia ninyi wadogo zangu wa darasa la tatu la sekondari, maana najua siku si nyingi komite ya maji itakuja shuleni kutafuta mtu wa kukaa kwenye kiti changu. Ni kiti cha plastiki cha buluu, mguu mmoja umefungwa kwa kamba ya mpira, msiegemee upande wa kushoto. Nilikikalia miaka mitatu, asubuhi kabla ya kengele na alasiri baada ya masomo. Wazee wengine wakistaafu huchinjiwa mbuzi na kusomewa hotuba. Mimi nilipewa siku mbili kuandika barua ya kuomba msamaha. Siku mbili zimepita, barua sikuandika, na kalamu niliyopewa kwa kazi hiyo ndiyo hii ninayoitumia sasa.

Kusema mbele ya watu siwezi, hilo wote mnalijua. Mwalimu akiniita ubaoni natazama viatu vyangu mpaka darasa zima linavitazama pia. Na hapo ndipo nilipopatia kazi. Enjenyeri wa mradi wa maji alikuja kuuliza nani amewahi kugusa kompyuta. Wenzangu wakapiga kelele wote pamoja, mimi nikawa naangalia chini. Akaninyooshea kidole: "Huyu. Huyu hana mudomo, hataniletea matatizo." Jioni niliyaandika maneno hayo kwenye shajara yangu nikayapigia mstari kwa furaha. Leo nikiuona ule mstari naona aibu, lakini sijaufuta.

Kazi yenyewe ni hii. Pampu ya jua inasukuma maji kutoka mtoni hadi kwenye tangi mlimani, na kutoka kwenye tangi maji yanashuka kwenye robine sita, bomba za kuchotea za watu wote hapa mjini Baraka. Tangi moja haliwezi kulisha robine sita kutwa nzima. Kwa hiyo kila asubuhi mashine inagawa dakika, robine ya soko hivi, robine ya juu hivi, na karatasi ya dakika anaichukua Papa Byaombe, fundi wa pampu, anapanda baiskeli na kwenda kufungua na kufunga bomba linalokwenda kwenye kila robine. Yeye ni mikono na mashine ni kichwa. Mimi nilikuwa mtu wa kukitazama kichwa kisiropoke.

Mkifungua ile programu mtaona visanduku vilivyounganishwa kwa nyuzi. Pampu ni kisanduku, tangi ni kisanduku, kila robine ina kisanduku chake. Enjenyeri aliviita watendaji, akanieleza saa nzima kwa Kifaransa chake cha chuo, na mimi nikaitikia kwa kichwa saa nzima bila kuelewa hata neno moja. Wiki ya kwanza nilikuwa nabofya ovyo kama kuku anayedonoa uwanjani.

Aliyenitoa gizani ni Papa Byaombe, ambaye ile mashine hajui hata kuiwasha. Zamani alifanya kazi Misisi, akivuta maji kutoka kwenye mashimo ya dhahabu wachimbaji wasizame, na alikuwa akisema, "Kule nilikuwa nafukuza maji, huku naibembeleza." Siku moja alinipeleka kwa Mama Neema, mlinzi wa robine ya juu, akanikalisha juu ya tofali kando ya foleni ya mabidon, madumu yetu ya maji.

"Tazama huyu mama. Anafungua robine ovyo ovyo?"

"Hapana, Papa."

"Anangoja nini?"

"Bidon ifike mbele yake."

"Ikifika?"

"Anajaza, anaiachilia."

"Na kama bidon haiko?"

"Anakaa tu."

Mama Neema akainua kichwa kutoka kwenye sinia lake la mboga. "Eh, Byaombe! Minakaa tu? Na hizi lengalenga nani anazichambua, ni weye?"

"Nyamaza kidogo, mama, tuko mu masomo." Akanigeukia. "Ile mabox yako ku mashine ni bamama ba robine. Kila mumoja iko na mulango wa kuingilia na mulango wa kutokea. Kitu kikifika ku mulango, anafanya kazi. Kisipofika, anachambua lengalenga. Unasikia? Sasa, mama huyu siku ya kwanza nilimuambia afungue mizunguko miwili. Njo desturi yake. Siku tangi ikishuka, namutumia neno: leo mumoja. Anafanya nini?"

"Anafungua mmoja."

"Bidon inayofuata?"

"Mmoja tena. Mpaka utume neno lingine."

"Na kesho asubuhi akirudi?"

Nikafikiri. "Anarudia miwili."

"Anarudia miwili! Kichwa yake inaanza upya."

"Kichwa yako njo inaanza upya," Mama Neema akasema, na mstari mzima wa wenye mabidon ukaangua kicheko.

Wadogo zangu, hilo ndilo somo lote, na lilinichukua dakika kumi juu ya tofali. Ndani ya kila kisanduku kuna kigezo, ile nambari inayokiambia kifanye kazi kwa kipimo gani. Kwa robine, kigezo ni mabidon mangapi yanahitajika asubuhi hiyo. Mnaweza kukifungua kisanduku na kuandika nambari kwa mkono. Lakini ubavuni mwake kuna mlango mdogo, na mkiunganisha uzi kwenye mlango huo, nambari inayofika kutoka nje inachukua nafasi ya ile mliyoandika. Inakaa hapo na kufanya kazi hadi ifike nyingine. Ile ya mkono haifi. Imejificha nyuma, inangoja. Umeme ukikatika, au mtu akizima na kuwasha upya, ya mlangoni inasahaulika na ya mkono inarudi kwenye kiti cha mbele, bila aibu, kama haikuondoka.

Kwa hiyo asubuhi mkiwasha mashine na kuona nambari, msiiamini. Hiyo ni desturi ya zamani. Ngojeni neno lifike.

Mlango nao una ukaidi wake. Kigezo cha nambari hakili kitu kingine. Mwanzoni nilikuwa nazunguka na daftari robine hadi robine, nafika shule nimechelewa, sketi imelowa hadi magotini. Baadaye komite ikawapa akina mama wa robine simu ndogo, wakawa wanatuma hesabu kwa ujumbe, na simu ya buro, ofisi ya mradi, ikaunganishwa moja kwa moja na mashine. Siku ya kwanza kabisa Mama Neema akatuma: "Banyingi sana mutoto wangu, ufanye haraka." Kisanduku kikapokea maneno hayo, kikageuka chekundu, programu nzima ikasimama, na Baraka yote ikanywa maji saa nne asubuhi. Nilipokwenda kumwambia, hakuomba radhi. "Si niliandika kweli? Si banyingi?" Walikuwa wengi, ndiyo. Tangu hapo akawa anatuma nambari tupu, na mara moja moja, baada ya nambari, ujumbe wa pili wa kunitukana kidogo, ambao niliufundisha mlango kuuruka.

Na mengine madogo niyaseme hapa kabla sijasahau. Msile ndagala juu ya kibodi. Futeni vumbi kwenye pano za jua zinazolisha pampu kwa kitambaa kilicholowa, na mfute kabla jua halijazichoma. Mkichora uzi mpya, upeni jina, maana baada ya mwezi mmoja nyuzi zote zinafanana.

Sasa kosa langu kubwa. Ninyi ni watu wa hapa, mtalielewa. Mgeni angeshangaa.

Mnajua foleni yetu. Mtu hakai kwenye mstari tangu alfajiri, bidon ndiyo inayokaa. Na mwenye bidon moja tu, ambayo imebaki nyumbani na maji ya jana, anaweka jiwe mahali pake. Mwingine anaweka kandambili iliyokatika. Mwingine sufuria isiyo na kitako. Na kila jiwe linajulikana ni la nani, ukilisogeza utasikia. Mimi, ambaye nimekulia kwenye foleni kama ile, niliwatumia akina mama agizo: hesabuni mstari kabla ya kufungua, mtume. Wakahesabu mstari. Mama Neema alikuwa na kopo la maziwa ya unga na kokwa za mawese, anatupa kokwa moja kwa kila kitu kilicho kwenye mstari. Jiwe, kokwa. Kandambili, kokwa. Tena watu wa robine ya juu walipogundua kuwa mstari mrefu unaleta dakika nyingi, mawe yakazaana kama sungura.

Asubuhi moja robine ya juu ilipata maji mpaka yakamwagika njiani, na robine ya soko ikakauka. Saa mbili akina mama wa soko walikuwa mlangoni mwa buro wakipiga mabidon matupu kama ngoma. Enjenyeri akatoka, akarudi ndani, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Nani alitia hii nambari?"

Nikatazama viatu.

"Feza, naongea na weye. Nani alitia hii nambari?"

Ilikuwa mimi, na sikusema. Shajara yangu ya siku ile ina maneno mawili tu: "Sikusema."

Akainama juu ya bega langu, akashika kipanya, akakata uzi wa kila mlango, mmoja baada ya mwingine. Kwenye kioo cha mashine nambari zikarudi za mkono, zote. Robine ya juu: themanini. "Kuanzia leo ni nambari zangu," akasema, kidole juu ya muhuri wa ripoti yake. "Iko mu raporo, iko na kashé. Hakuna habari ya mama fulani na kokwa zake."

Themanini ile ilihesabiwa zamani, kabla familia zilizokimbia Burundi hazijajenga nyuma ya robine ya juu, kabla sisi wenyewe hatujahamia kule, mimi na koko, mama wa mama yangu. Enjenyeri hakuwa amepanda tena tangu siku ya kuhesabu. Pikipiki yake haipendi yale mawe. Robine ya juu ikapata dakika ishirini. Maji yanakuja, yanatoa pumzi, yanakwenda. Na baada ya wiki moja akaandikia komite: kwa kuwa robine ya juu haina watu, tuifunge, bomba lake lihamishiwe sokoni. Komite itakaa baada ya siku kumi na nne.

Robine ikifungwa baada ya dakika hizo ishirini, kuna kijito. Hapo ndipo watu walipoanza kushuka na mabidon yao. Mama Esperansi, jirani yetu aliyetoka Burundi, alichota huko siku tatu, na siku ya nne mtoto wake mdogo alikuwa anatapika na kuhara maji meupe. Sote tunalijua jina la ugonjwa huo, hatukulitamka. Papa Byaombe ndiye aliyembeba kwenye baiskeli hadi hospitali, Mama Esperansi akikimbia pembeni. Mtoto alipona. Nilimwona akirudi, macho yake yameingia ndani, amelala begani kwa mama yake kama kitambaa, na nikasikia kitu ndani yangu ambacho sijawahi kukisikia. Kilikuwa hasira. Nilidhani hasira ni ya watu wenye sauti.

Nikaenda kwa Mama Neema, nikakaa kwenye tofali langu. Papa Byaombe naye akaja.

"Mashine yako haikukosa," akaniambia. "Mulango haukukosa. Ni jiwe. Jiwe halikunywaka maji hata siku moja."

"Basi nihesabu nini?" Mama Neema akauliza. "Na musiniambie nifukuze mawe ya batu, batanipiga nayo."

Tukakubaliana hivi, na muushike utaratibu huu, ndio bora niliouacha. Jiwe linabaki na nafasi yake. Lakini kokwa haiingii koponi mpaka mwenye jiwe aje mwenyewe, asimame, aonyeshe bidon tupu. Kama ana bidon tatu, kokwa tatu. Mwenye kandambili asiyekuja, kandambili yake isubiri bila kokwa. Siku ya kwanza waligombana vibaya. Siku ya tatu, mtu akichelewa, mstari mzima unaita, "Mwenye sufuria bila kitako, kuya kuhesabiwa!"

Kila asubuhi Mama Neema akaendelea kutuma, ingawa nyuzi zimekatwa na nambari zake zinaishia ndani ya simu. Mia mbili na tatu. Mia mbili na kumi. Niliziandika zote kwenye shajara, nikaweka karatasi kwenye meza ya Enjenyeri, maana kusema siwezi.

Aliisoma akiwa amesimama. "Unataka nini sasa, nibadilishe themanini?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Unataka nini?"

"Mlango," nikasema.

"Weye mutoto, utanifundisha mimi kazi?" Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza, ule uliokuwa unayumba. Labda bado iko pale. Meza haiyumbi tena.

Usiku wa kuamkia siku ya komite ulikuwa wa mvua kubwa, ile inayopiga mabati mpaka mtu hasikii anayesema naye. Asubuhi buro lilijaa. Alikuwepo Mama Prezida, mwenyekiti wa komite, mfanyabiashara wa mawese, mwenye kanga mbili na uso usiocheka. Walikuwepo akina mama wa robine ya soko, wamekaa safu nzima, wananitazama. Papa Byaombe alisimama mlangoni na viatu vyake vya matope. Mama Neema hakuwepo, alikuwa kwenye robine yake. Enjenyeri alikuwa ameazima kanisani ile mashine ya kuonyesha picha ukutani, na visanduku vyangu vyote vilikuwa ukutani, vikubwa kama madirisha.

Akaeleza vizuri, sitamnyima hilo. Akaweka fimbo kwenye kisanduku cha robine ya juu. "Munaona benyewe. Themanini. Kwa mabidon themanini tunapoteza bomba nzima."

Mama Prezida akaitika kwa kichwa. Akina mama wa soko wakaitika. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha buluu, mkono juu ya kipanya, kwa sababu kazi yangu siku hiyo ilikuwa kubofya akiniambia bofya.

Sikuambiwa. Nikavuta uzi kutoka kwenye kisanduku cha simu hadi kwenye mlango wa robine ya juu. Ukutani watu wote waliuona ule uzi ukitembea. Simu inaweka ujumbe wa mwisho tu; ule wa jana ulikuwa bado ndani, mashine haijausoma, ukapita. Themanini ikawa mia mbili na kumi na nne. Dakika za robine ya juu zikapanda, za soko zikashuka.

"Eeeh!" safu ya soko yote.

Enjenyeri alifika kwangu kwa hatua mbili. Hakunigusa. Alizima programu, akaiwasha upya. Uzi wangu ulikuwa bado pale, lakini kisanduku kikafumbua jicho: themanini.

"Munaona?" akawaambia. "Mashine yenyewe inakataa. Ni mutoto huyu anachezea."

Ujumbe wa jana ulikuwa umeshapita mlangoni, ukishapita haurudi. Simu ilikuwa tupu. Watu wakanitazama. Nikasimama.

"Haikukataa," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Haikukataa. Imesahau. Ulipoizima imerudi kwenye ile uliyoandika wewe. Hiyo themanini ni mkono wako, Enjenyeri, si watu."

Mama Prezida akainua kiganja.

"Batoto na bakubwa, musipigane. Enjenyeri, andika pale mia mbili, robine ikae, twende tukafanye kazi. Ile si itatosha, weye Feza?"

Enjenyeri akafikiri, akasema, "Kama komite inataka, naandika." Akashika kibodi.

Sikilizeni hapa, wadogo zangu, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza kazi. Nilikuwa nimeshinda. Robine inabaki, mia mbili inaandikwa, koko wangu anachota maji karibu. Ningekaa tu. Kukaa ndiko ninakojua kuliko vyote.

"Hapana, Mama," nikasema.

"Hapana nini?"

"Sitaki mia mbili. Mia mbili itakuwa themanini nyingine. Mwezi ujao watu watatoka mashambani, au watakuja wengine, na nambari itakaa pale na kashé yake. Uacheni mlango wazi. Mama Neema bado hajatuma ya leo. Tungoje."

"Tungoje mpaka saa ngapi?"

Hapo nilitamani ardhi inimeze, maana kwenye robine ya juu hakuna rezo, simu haishiki. Mama Neema akimaliza kuhesabu lazima apande hadi kwenye jiwe kubwa nyuma ya kanisa, anyooshe mkono, aombe Mungu. Na njia ilikuwa ya matope.

"Mpaka apande," nikasema.

Mama mmoja wa soko akacheka kwa sauti. "Na akiteleza?"

"Atanyanyuka," Papa Byaombe akasema kutoka mlangoni.

Tukangoja. Sijui ni dakika ngapi. Mashine ya kanisani ilikuwa inavuma, themanini iko ukutani kubwa kama mtu, na mimi nimesimama kwa sababu nilijua nikikaa sitasimama tena. Enjenyeri alitazama saa yake mara tatu akihakikisha kila mtu anaona.

Simu ikalia.

Themanini ikabadilika. Lakini haikuwa mia mbili na kitu. Ilikuwa mia moja thelathini na moja.

Watu wakaguna. Enjenyeri akageuka na kicheko mdomoni. "Sasa batu wako bengine balikufa usiku?"

Nami sikuelewa, nawaambia ukweli. Nikatazama viatu. Vilikuwa na matope, na ni matope yaliyonipa jibu.

"Mvua," nikasema. "Ilinyesha. Watu wamekinga kwenye mabati. Leo hawahitaji mengi." Nikageukia safu ya soko, akina mama waliokuwa wamenipigia mabidon. "Kama Enjenyeri angeandika mia mbili, yale mengine yangetoka kwenu. Leo. Wangemwaga maji kule juu na ninyi mngekaa na mabidon makavu, kama siku ile ya kosa langu. Lile lilikuwa kosa langu, nilihesabu mawe. Na ya jana niliyowaonyesha sasa hivi, kwa leo ilikuwa uongo vilevile. Zote ni uongo zikikaa. Mlango ndio uachwe wazi."

Yule mama aliyecheka alimtazama mwenzake. "Mutoto iko na mudomo, kumbe."

"Alikuwa anauweka akiba," mwenzake akajibu.

Mama Prezida alisimama, akaifunga kanga yake upya, akasema milango yote sita ifunguliwe na robine ya juu isiguswe. Mambo yaliishia hapo, bila makofi, kila mtu alikuwa amechelewa kazini.

Alasiri Enjenyeri akaniita. Hakuwa na ukali tena. Akaniambia nimemwaibisha mbele ya komite, kwamba nikiandika barua ya kuomba msamaha nitabaki, nisipoandika atatafutwa mwingine. Mama Prezida naye alikuwepo, akaniambia taratibu, "Muombe tu, mutoto wangu, ni mukubwa wako." Nikauliza niombe msamaha wa nini, wa kwamba nambari ilifika? Enjenyeri akanipa kalamu.

Siku mbili zilipokwisha, nyumbani koko alikuwa anamenya muhogo.

"Umeandika?"

"Sikuandika."

Akamenya mwingine hadi mwisho. "Bon. Kamata bidon, hakuna maji ya kupika."

Nikaenda. Mstari ulikuwa mrefu, mawe na kandambili na ile sufuria bila kitako. Nilisimama mahali pangu hadi Mama Neema akanifikia na kopo lake.

"Enjenyeri wangu anachota maji kama siye wote?" akasema kwa sauti ya kusikika hadi kijitoni.

"Nimestaafu, Mama."

"Aa, muzee! Onyesha bidon."

Nikaonyesha. Akachagua kokwa kubwa, akaitupa, kopo likalia.

Enjenyeri bado yuko, na programu bado ina ile themanini nyuma ya mlango, sikuifuta, si yangu. Siku moja umeme utakatika, itarudi mbele, na mtu mkubwa atasimama nyuma ya kiti cha buluu na kuwaambia acheni hivyo hivyo, iko mu raporo. Viatu vyenu mtavitazama, najua, vitazameni tu. Lakini mkono ubaki kwenye kipanya, na uzi msiukate. Kesho asubuhi nitakuwa kokwa moja ndani ya nambari itakayofika mezani kwenu. Nitachelewa kidogo, Mama Neema atakuwa anapanda jiwe. Ningojeni.